Kurekebisha saa Kitui na Makueni: kutoka jua hadi dijitali

Saa ya mkono ya dijitali huhesabu sekunde tu; wakati wenyewe huambiwa na mtu anayebonyeza vitufe vyake, na mtu huyo naye hana budi kuupata wakati huo kwingine. Katika kaunti za Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya, mahali pa kuupata pamebadilika mara tatu katika muda unaozidi karne moja kidogo. Kwanza palikuwa jua, pakafuata reli na ofisi ya serikali, ikaja redio, na siku hizi ni simu. Katika kila zama, usahihi wa saa ulitegemea ujuzi wa mtu aliyeirekebisha.

Kabla ya saa kufika, siku ya Mkamba, mwenyeji wa kaunti hizi, ilipimwa kwa jua, kuwika kwa jogoo na kazi za mifugo: kukamua, kuwapeleka ng'ombe malishoni, kuwanywesha na kuwarudisha zizini. Kipimo hicho kilitosha hata kwa safari ndefu. Misafara ya Wakamba iliyobeba pembe za ndovu hadi Mombasa katika karne ya 19 ilipanga mwendo wake kwa jua na kwa umbali wa maji. Kiongozi aliyevuma zaidi katika biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, Desemba mwaka huohuo.

Miaka nayo ilikumbukwa kwa njaa na ukame. Njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, iitwayo Ngomanisye, ilibaki kuwa alama ya kuhesabia umri kwa vizazi kadhaa. Mzee alipoulizwa na karani amezaliwa lini, lilikuwa jambo la kawaida kutaja njaa iliyokuwapo, na karani akakadiria mwaka.

Njaa hiyo ilikuja sambamba na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia Mei 1899 reli ilikuwa imefika Nairobi. Ilipita upande wa kusini wa Ukambani, katika maeneo ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar. Reli ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zinazotoka pande tofauti zilipishana stesheni tu, kwa hiyo ilibidi saa ya Makindu na saa ya Kibwezi zikubaliane. Telegrafu iliyofuata reli ndiyo iliyowezesha makubaliano hayo. Kwa watu wa sehemu hizo, stesheni ikawa mahali pa kwanza ambapo dakika ilikuwa na maana kwa umma.

Wamisionari walileta kengele. Misheni ya Waskoti ilifunguliwa Kibwezi mwaka 1891, na mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission akaanzisha kituo chake cha kwanza Nzaui. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani nao walikuwa Ikutha, kusini mwa Kitui. Katika vituo hivyo ibada, masomo na kazi vilianza kwa mlio wa kengele, na kengele ilipigwa kwa saa ya mmisionari.

Saa hizo zote zilihitaji wakati mmoja wa kisheria. Mei 1908 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilitangaza wakati rasmi uliotangulia ule wa Greenwich, Uingereza, kwa saa mbili na nusu. Huo ni wakati wa jua kwenye mstari wa longitudo 37.5 mashariki, ambao unapita karibu kabisa na Emali. Kwa maneno mengine, kwa miaka 20 saa rasmi ya koloni zima ililingana na jua la Makueni.

Baadaye mambo yalivurugika. Mwishoni mwa Juni 1928 saa zilisogezwa mbele nusu saa, zikawa mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Januari 1930 zikarudishwa nyuma nusu saa. Mwanzoni mwa 1937 zikasogezwa mbele robo saa, na Agosti 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, zikasogezwa robo saa nyingine. Hapo ndipo Kenya iliporudi kwenye saa tatu mbele ya Greenwich, na haijabadilisha tena. Karani wa Kitui aliyekuwa kazini miaka hiyo yote alilazimika kuigusa saa ya ukutani mara nne kwa amri ya serikali.

Athari ya uamuzi wa 1942 inaonekana hadi leo. Wakati wa saa tatu mbele ya Greenwich ni wa longitudo 45, ambayo iko mbali mashariki, nje ya Kenya. Kitui iko karibu na longitudo 38. Kila digrii moja ni dakika nne, kwa hiyo jua hufika utosini Kitui, kwa wastani, dakika 28 baada ya saa sita mchana. Mwanzoni mwa Novemba hufika kama dakika 12 baada ya saa sita, na katikati ya Februari kama dakika 42. Anayetaka kurekebisha saa yake kwa kivuli cha mti atakosea kwa karibu nusu saa, hata akiwa makini kiasi gani.

Redio ndiyo iliyoutoa wakati sahihi stesheni na ofisini na kuufikisha nyumbani. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928. Shirika la BBC la Uingereza lilikuwa limeanza mwaka 1924 kupiga milio sita mifupi kuashiria saa kamili. Baada ya uhuru, redio za betri zilipoenea vijijini, taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya ikawa saa ya umma. Mwalimu alirekebisha saa yake kwa habari za asubuhi, kisha akamtuma mwanafunzi kugonga kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, mara nyingi ringi ya gurudumu la lori. Kijiji kizima kilisikia mlio huo, na hata asiyekuwa na saa wala redio akajua kumekucha kwa mujibu wa serikali.

Wakati huo saa za mkono zilikuwa za mishale na za kutiwa ufunguo. Mabadiliko yalianza ng'ambo. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwazi (quartz) kuuzwa madukani. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ikauza Pulsar, saa ya kwanza ya mkono ya dijitali. Ilikuwa ya dhahabu, tarakimu zake nyekundu zilionekana tu kitufe kilipobonyezwa, na bei yake ilikuwa dola 2,100. Mwaka 1973 Seiko ilitoa saa yenye kioo cha tarakimu zinazoonekana muda wote, na 1974 Casio ikatoa Casiotron, iliyojua yenyewe urefu wa kila mwezi. Kufikia 1976 kampuni ya Texas Instruments ilikuwa ikiuza saa ya plastiki kwa dola 20, na mwaka uliofuata bei ikashuka chini ya dola 10.

Kushuka huko kwa bei ndiko kulikoifikisha dijitali Ukambani, hasa Kenya ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilifaa mazingira ya huko. Haikuhitaji ufunguo wala umeme, vumbi na manyunyu havikuitisha, betri yake ilidumu miaka, na kengele yake ilimwamsha mtu kabla jogoo hajawika. Mfano uliojulikana zaidi ni Casio F-91W, uliotolewa mwaka 1989, pamoja na nakala zake nyingi za bei rahisi. Katika miji kama Kitui, Mwingi, Wote na Emali, fundi wa saa mwenye bisibisi ndogo na kisanduku cha betri alipata kazi mpya: kuwarekebishia wateja majira baada ya kubadilisha betri, kwa kuwa saa ya dijitali ikikosa betri husahau kila kitu.

Kazi yenyewe ina utaratibu. F-91W ina vitufe vitatu, viwili kushoto na kimoja kulia. Kitufe cha chini kushoto hubonyezwa mara tatu: kioo hupita kengele, kisha saa ya kupimia mbio, kisha hufika kwenye marekebisho, na tarakimu za sekunde huanza kupepesa. Hapo ndipo redio inapohitajika. Mlio wa saa kamili unaposikika, kitufe cha kulia hubonyezwa na sekunde hurudi 00. Kama sekunde zilikuwa kati ya 00 na 29, dakika hubaki ilivyokuwa. Kama zilikuwa kati ya 30 na 59, dakika huongezeka moja. Kitufe cha juu kushoto, ambacho kwa kawaida huwasha taa, sasa husogeza upepesaji hatua kwa hatua: saa, dakika, mwezi, tarehe, kisha siku ya wiki. Kila hatua huongezwa kwa kitufe cha kulia, na kitufe cha chini kushoto hufunga kazi.

Kosa la kawaida katika hatua ya saa ni la mchana na usiku. Mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, ilhali kioo huhesabu kuanzia usiku wa manane, na tofauti ni saa sita. Saa moja asubuhi huandikwa 7:00, na saa kumi na moja alfajiri huandikwa 5:00. Mtu anayetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri aangalie kwamba alama ya PM haionekani, la sivyo kengele italia saa kumi na moja jioni. Mfumo wa saa 24 huondoa utata huo, kwa kuwa alfajiri husomeka 5:00 na jioni 17:00.

Hatua ya tarehe nayo ina mambo yake. Kioo hubadilisha tarehe saa sita usiku kamili, wakati katika mazungumzo usiku wa Alhamisi huitwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kubwa zaidi ni Februari. F-91W haihifadhi mwaka, hivyo Februari yake ni ya siku 28 daima. Katika mwaka mrefu, tarehe 29 Februari husomeka 1, na mwenye saa inambidi airudishe siku moja nyuma. Siku ya wiki haiharibiki, kwa kuwa huhesabiwa peke yake.

Saa iliyorekebishwa vizuri haibaki sahihi milele. Ndani yake mna kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saketi hugawa idadi hiyo kwa mbili mara 15 ili kupata sekunde moja. Watengenezaji huruhusu F-91W kupotea hadi sekunde 30 kwa mwezi, yaani dakika sita kwa mwaka ikiwa haikuguswa. Kwazi hiyo imelengwa kwa joto la kama nyuzi 25. Saa iliyo mkononi hukaa karibu na joto hilo. Iliyoachwa juani dirishani katika nyanda za chini za Kibwezi hupoteza sekunde zaidi.

Tangu mwaka 2000, kampuni za Safaricom na Kencell zilipoanza kusambaza mitandao yao, simu imekuwa chimbuko jipya la wakati. Huupokea kutoka kwa mtandao, na hujirekebisha yenyewe ikiruhusiwa. Haja ya wakati sahihi nayo imeongezeka. Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express inasimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali na haimsubiri aliyechelewa. Vituo vya kura hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Mtihani wa kitaifa huanza kwa dakika iliyopangwa.

Anayevaa saa ya dijitali basi airekebishe angalau mara moja kwa miezi mitatu. Atumie simu iliyo kwenye mtandao au redio ya mawimbi, na asitumie redio inayosikizwa kwa intaneti, maana sauti yake huchelewa kwa sekunde kadhaa. Watoto wafundishwe kazi hiyo nyumbani na shuleni, pamoja na hesabu ya saa sita. Na wenye F-91W wakumbuke Jumanne, tarehe 29 Februari 2028: siku hiyo saa zao zitaonyesha tarehe 1, na hazitajisahihisha zenyewe.