Mchoro kama Waraka: James, McBryde na Kitabu cha Kutisha cha Kihistoria

Mwandishi anayejiandaa kujichapishia kitabu cha kutisha chenye mandhari ya kihistoria hupewa ushauri wa namna mbili. Kwanza, michoro iagizwe mwishoni, mswada ukishahaririwa na fedha zikibaki. Pili, na ushauri huu wahakiki wanauenzi, cha kutisha kikishachorwa hakitishi tena. Makala hii inaupinga wote. Katika utanzu huu mchoro ni waraka, na mahali pake ni ndani ya hadithi.

Kwamba utanzu wenyewe huishi kwa nyaraka za kubuni halina ubishi: Horace Walpole aliitoa *The Castle of Otranto* mwaka 1764 akijifanya mfasiri wa maandishi ya kale ya Kiitaliano. Wahakiki wamechambua sana barua, shajara na rekodi za kanisa zinazobuniwa hivyo. Picha wameiachia mpiga chapa.

Ushahidi wangu mkuu ni *Ghost Stories of an Antiquary* (1904) cha M. R. James, mtaalamu wa miswada ya Zama za Kati huko Cambridge. Katika dibaji, James anaeleza kuwa nyingi ya hadithi hizo aliwasomea marafiki, kwa kawaida wakati wa Krismasi, na kwamba alikubali kufikiria kuzichapisha iwapo mmoja wao angezichorea. Yaani picha ndizo zilizokizaa kitabu. Rafiki huyo, James McBryde, alifariki Juni 1904 baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akiwa amekamilisha michoro minne tu. M. R. James hakukubali mchoraji mwingine aendeleze kazi hiyo. Kitabu kikatoka na hadithi nane, sita kati yake bila picha.

Je, ulikuwa uaminifu wa kirafiki tu? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini tuitazame “Canon Alberic's Scrap-book”, mojawapo ya hadithi mbili alizochora McBryde. Kiini chake ni mchoro: katika kitabu cha kale kilichopatikana Saint-Bertrand-de-Comminges, Ufaransa, Mfalme Suleiman anamkabili pepo aliyezungukwa na askari wanne, wa tano akiwa amelala maiti. (Msomaji aliyelelewa na visa vya Suleiman na majini hahitaji kuelezwa zaidi.) Msimulizi anakiri kuwa maneno hayatoshi kueleza umbo lile linavyomwathiri mtazamaji, kisha anatuarifu kwamba mchoro ulipigwa picha na kuchomwa moto. McBryde anapotuonyesha pepo huyo akimzukia mezani Dennistoun, aliyekipata kitabu hicho, tunakitambua kilichotoka kwenye karatasi. Hofu imepita kutoka mchoro hadi mchoro, na maandishi ni daraja tu.

Wapinzani humleta Kafka, ambaye mwaka 1915 alimsihi mchapishaji wake mdudu wa hadithi yake *Die Verwandlung* asichorwe kabisa. Ni kweli, ila barua hiyohiyo inapendekeza picha nyingine: wazazi na dada katika chumba chenye mwanga, mlango ukiwa wazi kuelekea chumba chenye giza totoro. Kafka alichagua kitu cha kuchorwa, hakuukataa mchoro. Hoja kwamba “Count Magnus”, hadithi nyingine ya kitabu cha James isiyo na picha, nayo inatisha, inaonyesha tu kwamba maandishi ya James yana nguvu.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi, nayo sasa hujibiwa kwa akili mnemba. Lakini Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua, kuhusu kitabu cha katuni *Zarya of the Dawn*, kwamba maandishi na mpangilio vinalindwa, ila picha zilizotolewa na programu ya akili mnemba ya Midjourney hazilindwi. Anayejichapishia kwa njia hiyo huenda asimiliki sehemu ya kitabu inayoonekana kwanza.

Mfano mmoja haujengi kanuni, na pengine hoja yangu haivihusu vitabu vya kutisha vya mandhari ya leo. Kwa vile vya kihistoria, hata hivyo, anayejichapishia hana mhariri wa kumshurutisha: amwite mchoraji mswada ungali unabadilika, amshirikishe katika utafiti wa mavazi, samani na nyaraka za zama husika, na awe tayari kuandika upya sura nzima mchoro ukiidai.