Rufaa ya Sally Clark

Sally Clark (Agosti 1964 – Machi 2007) alikuwa mwanasheria wa Uingereza aliyetiwa hatiani mwaka 1999 kwa kosa la kuwaua wanawe wawili wachanga. Alikaa gerezani zaidi ya miaka mitatu kabla Mahakama ya Rufani haijafuta hukumu hiyo tarehe 29 Januari 2003, katika rufaa yake ya pili. Kesi hii husomwa na wanafunzi wa sheria, wa tiba na hasa wa takwimu. Watu wengi huikumbuka kwa tarakimu moja, lakini kilichomfungulia mlango wa gereza hasa kilikuwa majibu ya maabara ambayo upande wa utetezi haukupewa.

Vifo vya watoto

Clark na mume wake, ambaye naye alikuwa mwanasheria, waliishi Wilmslow katika jimbo la Cheshire. Mtoto wao wa kwanza, Christopher, alifariki ghafla nyumbani mwezi Desemba 1996 akiwa na umri wa majuma 11. Daktari aliyechunguza maiti, Alan Williams, alieleza kwamba kifo kilitokana na maambukizi ya njia ya hewa. Mtoto wa pili, Harry, alifariki Januari 1998 akiwa na majuma 8. Safari hii daktari yuleyule aliona kifo si cha kawaida, akarudi nyuma na kubadili pia maoni yake kuhusu Christopher. Mama alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji ya wote wawili.

Hakuna aliyeshuhudia tendo lolote, na mshtakiwa hakuwahi kukiri. Kesi yote ilisimama juu ya maneno ya madaktari, na wao kwa wao hawakuafikiana.

Moja kati ya milioni 73

Shahidi aliyesikika zaidi katika mahakama ya Chester alikuwa Profesa Roy Meadow, daktari bingwa wa watoto mwenye sifa kubwa nchini. Alitumia utafiti uliokadiria kwamba katika familia yenye kipato, isiyo na mvutaji wa sigara, na ambayo mama si kijana sana, mtoto 1 kati ya 8,543 hufa ghafla bila sababu kujulikana. Akazidisha 8,543 kwa 8,543, akapata takriban milioni 73. Akasema uwezekano wa vifo viwili vya namna hiyo katika nyumba moja ni 1 kati ya milioni 73, jambo la kutokea mara moja hivi katika miaka 100. Novemba 1999 juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilimtia hatiani kwa kura 10 dhidi ya 2. Adhabu ilikuwa kifungo cha maisha.

Kuzidisha kwenyewe hakukuwa na kosa. Kosa la kwanza lilikuwa kuzidisha mahali pasipofaa. Kanuni ya kuzidisha uwezekano hutumika pale tu ambapo tukio moja halihusiani na lingine, kama kurusha sarafu mara mbili. Ndugu wa tumbo moja hurithi damu moja, hulala nyumba moja na hupumua hewa moja. Kama kuna udhaifu wa kurithi uliomuua wa kwanza, hatari kwa wa pili huongezeka.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, nalo huitwa kosa la mwendesha mashtaka. Tuseme mwanamke anapita sokoni na watoto watatu wa umri mmoja. Mapacha watatu ni nadra sana, lakini unadra huo peke yake hauthibitishi kwamba amewaiba. Wizi wa watoto watatu wa umri mmoja nao ni nadra, pengine kuliko mapacha wenyewe. Kwa hiyo swali la haki katika kesi ya Clark halikuwa vifo viwili vya ghafla ni nadra kiasi gani. Lilikuwa hili: watoto wawili wakiwa tayari wamekufa, maelezo yapi yana uzito zaidi, maradhi au mama kuua mara mbili? Hilo la pili nalo hutokea kwa nadra mno, na juri halikupewa tarakimu yake.

Rufaa mbili

Rufaa ya kwanza ilitupwa Oktoba 2000. Majaji walikubali kwamba tarakimu ile ilikuwa na kasoro, lakini wakaona ushahidi mwingine unatosha na kwamba kasoro hiyo haikubadili matokeo. Ni vigumu kukubaliana nao, kwani tarakimu nyepesi kukumbuka huingia kichwani mwa msikilizaji kabla ya maelezo marefu ya tishu na mapafu. Oktoba 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitoa tamko la kupinga hesabu hiyo hadharani.

Wakati huohuo mume wake na wakili aliyejitolea bila malipo walikuwa wakitafuta kumbukumbu za hospitali. Ndani yake yalipatikana majibu ya vipimo vya Harry: bakteria aina ya Staphylococcus aureus walikuwa wameonekana katika sehemu kadhaa za mwili, pamoja na maji ya uti wa mgongo. Williams aliyajua majibu hayo lakini hakuyatoa. Tume inayopitia upya kesi za jinai iliirudisha kesi katika Mahakama ya Rufani, ambayo ilifuta hukumu kwa sababu juri lilinyimwa ushahidi uliohusu chanzo cha kifo. Majaji waliongeza kwamba hoja ya takwimu, kama ingejadiliwa kikamilifu, nayo pengine ingetosha.

Baada ya hukumu

Desemba 2003 mahakama hiyo ilimwachia Angela Cannings, mama mwingine aliyefungwa kwa vifo vya watoto wake. Ilieleza kwamba pale wataalamu wakubwa wanapotofautiana kuhusu vifo vya namna hii, na hakuna ushahidi mwingine wenye nguvu, si salama kumtia mtu hatiani. Serikali iliagiza mamia ya kesi zipitiwe upya. Mwaka 2005 Baraza la Madaktari lilimpata Williams na utovu mkubwa wa maadili ya kazi. Meadow alifutwa katika orodha ya madaktari mwaka huohuo, lakini Mahakama Kuu ilimrejesha mwaka 2006.

Clark hakurudia hali yake ya zamani. Alifariki nyumbani Machi 2007 kutokana na ulevi wa kupindukia, akiwa na umri wa miaka 42.