Mto Pangani: Mtoto wa Theluji na wa Msitu

Miongoni mwa mito ya Tanzania iingiayo katika Bahari ya Hindi, Mto Pangani una sifa ya pekee: baadhi ya vijito vyake huanzia chini ya barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye urefu wa mita 5,895. Kwa ajili hiyo watu wengi huuita mtoto wa theluji. Usemi huo ni mtamu, lakini yafaa tuupime, maana asiyekijua chanzo cha mto hawezi kuutunza.

Tuufuate kwanza mkondo wake. Kutoka miteremko ya kusini ya Kibo hushuka Karanga, Weruweru na Kikafu, ambayo huchanganyika na maji ya Mlima Meru katika Mto Kikuletwa. Upande wa mashariki hutoka Mto Ruvu, upatao maji yake Kilimanjaro na katika Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya. Mito hii miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo Pangani hupita katika nchi kavu, milima ya Upare na Usambara ikiwa upande wake wa kushoto; hupokea Mkomazi na Luengera, huporomoka karibu na Hale, kisha huingia baharini penye mji uitwao kwa jina lake. Safari hiyo yote, tangu vyanzo vya mbali, ni kama kilometa 500.

Maji haya yalitumiwa kwa ustadi kabla ya kuja kwa wakoloni. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji iliyoanzia juu bondeni na kuambaa ubavuni mwa mlima, ikapeleka maji kwenye migomba na mashamba ya ulezi. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na haki juu yake. Kila mtumiaji alikuwa na zamu yake ya maji, na siku ya kuzibua matope wote walitakiwa kufika, asiyefika alitozwa. Wapare nao walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku yatumike mchana. Huo ni uhandisi, na pia ni sheria, ingawa haikuandikwa kitabuni.

Baadaye yakaja mahitaji mengine: miwa ya Arusha Chini, mpunga wa Moshi Chini, na umeme. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na kile kipya cha Maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mkulima wa juu akifungulia mfereji wake, mashine za chini hupungukiwa. Na maji ya mto yakipungua, chumvi ya bahari hupanda mtoni hadi mashambani mwa watu wa mwambao. Kila mmoja ana haki yake, lakini mto ni mmoja.

Sasa turudi kwenye theluji. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kama kilometa za mraba 12. Kufika mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Aonaye hivyo aweza kukata tamaa, akidhani mto nao unakufa. Lakini barafu huchangia sehemu ndogo tu ya maji. Kileleni mvua na theluji ni haba. Mvua kubwa hunyesha ndani ya msitu, hasa miteremko ya kusini, kwenye kimo cha kama mita 2,200. Huko miti na kuvumwani hunasa hata ukungu, ardhi hunywa, na chemchemi hutoa polepole wakati wa kiangazi. Ikiwa theluji ni baba wa mto kwa jina, msitu ndio mama aliyeunyonyesha.

Basi hatari kubwa ni shoka na moto, kama ule uliounguza mlima Oktoba 2020. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na hilo ni jema. Hata hivyo sheria ya serikali hutimia pale tu penye desturi ya watu, kama ile ya siku ya mfongo, ambapo kila anywaye alishika jembe. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Msitu twaweza kuulinda, na wanafunzi wetu wafundishwe hivyo.