Samaki wa ziwa letu walivyofika Ulaya

Bujumbura tunajua mukeke na ndagala, samaki wa sahani. Lakini miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anatuma ng'ambo kutoka pale pale samaki wadogo hai, wa kufugwa kwenye vioo. Mwaka 1974 mmoja akapewa jina lake: brichardi.

Wafugaji wa Ulaya ilibidi wajifunze. Samaki wa Tanganyika anataka maji magumu yenye madini, pH 8 hadi 9, joto nyuzi 25 hivi. Chakula kidogo kidogo. Mabaki yakioza, maji yanamuua. Wakaona pia kwamba watoto wakubwa wa brichardi hawaondoki mapema, wanabaki kulinda wadogo zao.

Ndugu zangu, ukimpokea aliyehamishwa, uliza kwanza kwao aliishi vipi.