Maeneo ya Kale ya Jomon, Kaskazini mwa Japani

Maeneo ya Jomon ni mabaki ya vijiji, makaburi, majaa ya kombe na duara za mawe yaliyoachwa na wawindaji na wakusanyaji chakula wa kale wa Japani. Kumi na saba kati yake, yaliyoko Hokkaido, Aomori, Iwate na Akita, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021. Thamani yake kubwa ni kwamba yanakanusha dhana iliyozoeleka mno vitabuni, kuwa jembe ndilo lililomtuliza binadamu mahali pamoja. Odai Yamamoto, mkoani Aomori, vimepatikana vigae vya vyungu vya zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, ilhali kilimo cha mpunga kiliingia Japani katika milenia ya kwanza KK tu. Vigae peke yake, hata hivyo, havitoshi kuthibitisha makazi ya kudumu.

Ushahidi mzito uko Sannai Maruyama, kijiji kilichokaliwa takriban tangu 3900 hadi 2200 KK. Uchimbaji ulioanza mwaka 1992, kabla ya ujenzi wa uwanja wa besiboli, ulifichua mashimo sita ya nguzo, kila moja likiwa na kina cha mita 2 hivi, na ndani yake vishina vya mti wa chesnati vyenye unene wa karibu mita 1. Mkoa wa Aomori, kilipo kijiji hicho, ukasimamisha ujenzi mwaka 1994, uamuzi unaostahili sifa.

Wapo wanaosema kwamba watu hawa walikuwa wakulima kwa jina jingine, kwa kuwa walitunza michesnati. Ni kweli waliitunza, lakini kutunza mti wa msituni si kuishi kwa shamba: mifupa iliyopatikana ni ya samaki, sungura na kindi warukao. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mabaki ya nyumba zaidi ya 500 yaliyopatikana kijijini hapo hayana maana kwamba zote zilisimama wakati mmoja. Huenda kijiji kilikuwa kidogo. Lakini hoja hapa haihusu ukubwa, bali kudumu kwa makazi. Vilima vya taka vilirundikana hapo kwa karibu miaka 1,000, watu wazima wakazikwa kandokando ya njia ya kijiji, na watoto wachanga wakawekwa ndani ya vyungu na kuzikwa karibu na nyumba.