Lugha ya Ibada na Uhai wa Usharika: Kidia, Moshi ya Kale, 1896–1963

Mjadala juu ya lugha katika makanisa ya Afrika ya Mashariki umezoea kuchukua sura ya mashindano ya pande mbili. Upande mmoja hudai kwamba lugha ya kabila ndiyo iliyolipa kanisa mizizi. Upande wa pili hujibu kwamba ni Kiswahili kilicholitoa katika mipaka ya kabila na kulifanya kanisa la taifa. Historia ya usharika wa Kilutheri wa Kidia, katika miteremko ya kusini ya mlima Kilimanjaro, yaonyesha kuwa madai yote mawili yana ukweli, lakini kila moja kwa wakati wake.

Kidia imo katika nchi ya Moshi ya Kale, ambayo wenyeji hadi leo huiita kwa jina la Kiingereza, Old Moshi. Hapo ndipo ulipokuwa utawala wa Mangi Rindi, aliyejulikana pwani kwa jina la Mandara, na ndipo wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza walipokaribishwa mwaka 1885. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akarithi kiti. Mwezi wa Juni 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani na kumwua kiongozi wao, von Bülow. Waanglikana walishukiwa na serikali ya Kijerumani kuwa upande wa Mangi, nao wakalazimika kuhamia Taveta, ng'ambo ya mpaka. Mwaka uliofuata Meli alishindwa vitani, na Misioni ya Leipzig ikaingia mlimani: Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896.

Hivyo Injili ilifika Kidia mara ya pili ikiwa mikononi mwa watu wa taifa lilelile lililoishinda nchi. Tarehe 2 Machi 1900 serikali ilimnyonga Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachaga papo hapo Moshi ya Kale. Usharika ulikuwa ungali mchanga. Ni vigumu kuuelewa uzito wa suala la lugha bila ya kulikumbuka jambo hili, kwa maana mgeni aliyetaka kusikilizwa baada ya msiba huo hakuwa na budi kusema kwa ulimi wa waliofiwa.

Wamisionari wa Leipzig walichagua Kichaga. Serikali ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya maakida na ya shule zake, na wamisionari wengi walikitazama kwa shaka kama lugha ya Uislamu, biashara na amri. Johannes Raum alitoa sarufi ya lahaja ya Kimochi mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alikabidhiwa Moshi ya Kale mwaka 1910, akaishi huko hadi mwaka 1920, na tena baada ya vita hadi mwaka 1938. Katika lugha hiyo Mungu aliitwa Ruwa, neno ambalo pia hutaja jua. Jina hilo halikubuniwa na wageni. Lilikuwa tayari katika sala na matambiko ya wazee. Mkristo wa kwanza wa Kidia hakuambiwa ajifunze jina jipya, bali aliambiwa habari mpya juu ya jina alilolijua.

Gutmann hakuishia kwenye lugha. Katika kitabu chake cha mwaka 1925 juu ya ujenzi wa usharika alifundisha kuwa kanisa sharti lisimame juu ya vifungo vitatu walivyokuwa navyo watu kabla ya kuja kwake: ukoo, ujirani na rika. Nadharia hii iliwapa wazee na majirani kazi ya kweli katika usharika. Ila ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilimtazama Mchaga kana kwamba hataondoka kihambani mwake, na kana kwamba maji ya mfereji wake hayatafika bondeni.

Uimara wa msingi huo ulijaribiwa mwaka 1920, Waingereza walipowafukuza wamisionari wa Kijerumani. Msaada wa Walutheri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, ulianza kufika mwaka 1922, nao wa Leipzig walirejea kuanzia mwaka 1925. Katika muda huo mzigo wa sharika za mlimani uliwaelemea walimu wenyeji, na sharika hazikufa. Maneno ya ibada yalikuwa yamekwisha kuwa mali yao. Hapakuhitajika mgeni wa kuyafasiri. Hapa hoja ya lugha ya kabila yapata ushahidi wake ulio bora.

Lakini maji yalikuwa yakiteremka. Reli ilifika mwaka 1911 bondeni, ambako mji mpya wa Moshi ulikua, na makao ya zamani ya utawala yakabaki kijiji cha mlimani. Kahawa iliwaunganisha wakulima wa nchi mbalimbali za Uchaga, na mwaka 1933 wakapata chama chao kikuu cha ushirika, K.N.C.U. Shule zilizopata ruzuku ya serikali zilifundisha Kiswahili. Tena Kichaga chenyewe si lugha moja iliyo sawasawa: Kimachame cha magharibi na Kirombo cha mashariki vyatofautiana sana, na Kimochi kiko katikati. Kitabu kilichochapwa kwa Kimochi kiliwagusa Wamoshi moyoni, lakini kiliwapa shida majirani wa mlima uleule.

Wakati huohuo Kiswahili kilikuwa kikijengwa upya. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Mwaka 1937 ilitoka Biblia ya Karl Roehl, mmisionari Mlutheri aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Shaka ya kwamba Kiswahili ni lugha ya Uislamu ilipoteza nguvu. Agano Jipya la Kimochi, tunda la kazi ya Gutmann, lilitoka mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, na vita vingine vilikuwa mlangoni. Lilikuwa kazi ya thamani kubwa iliyochelewa.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika. Muungano wa Wachaga, Wasambaa, Wahaya na wengineo usingeweza kuzungumza ila kwa Kiswahili. Neno lenyewe usharika, ambalo Walutheri wa Tanzania huliita kusanyiko lao, limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kushirikiana. Lugha iliyoshukiwa ndiyo iliyowapa jina.

Basi Kidia haikubadili lugha kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa kosa. Kimochi kiliufanya usharika uwe wa wenyewe. Na kwa kuwa ulikuwa wao, waliweza kuupeleka katika lugha nyingine bila ya kuupoteza. Mwanaisimu anayepima sera ya lugha kwa swali la ipi ilishinda atakosa funzo hili: yapasa aulize pia ni nani, kila mara, aliyekuwa na haki ya kuchagua.