Barabara za Migori na Homa Bay: Kutoka Gatini Hadi Lami

Barabara kuu za Migori na Homa Bay zilianza kama mikia ya usafiri wa majini. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya Nyanza Kusini ilibebwa na meli za reli zilizotia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Njia za nchi kavu zilitoka gatini kuelekea Kisii, makao ya wilaya enzi hizo. Wanavijiji walioitwa na machifu kwa kazi ya lazima ndio waliozichimba kwa majembe.

Barabara ya A1 ndiyo iliyobadilisha mkondo huo. Inaanzia Isebania, mpakani na Tanzania, inapita Migori, Awendo, Rongo, Kisii na Oyugis, kisha inashika njia ya Kisumu na kwenda hadi Lokichogio. Katika kaunti hizi mbili za ziwani, barabara hiyo haifiki ziwani hata mara moja. Biashara ikaifuata. Kampuni ya sukari ya South Nyanza iliyoanzishwa Awendo katika miaka ya 1970 ilihitaji njia za kuingiza matrekta ya miwa na kutoa magunia, nao mji ukakua kando ya lami. Karungu, bandari iliyowahi kutajwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914, ikabaki pembeni.

Homa Bay ilinusurika kwa sababu ya ofisi zaidi kuliko gati: ilifanywa makao ya wilaya ya Nyanza Kusini, ikaunganishwa na A1 kupitia Rodi Kopany na Rongo. Huko Mbita, miaka ya 1980, kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na bara kwa tuta la mawe na udongo. Magari yalivuka, ila maji yalizibwa na wavuvi wakalalamika kwa miongo. Baadaye likajengwa daraja.

Kwa upande wa fedha na usimamizi, tozo ya mafuta ya kukarabati barabara ilianzishwa kisheria mwaka 1993. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka barabara kuu chini ya mamlaka ya KeNHA, za mijini chini ya KURA na za vijijini chini ya KeRRA. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao, na mvutano kuhusu nani apokee tozo hiyo haujaisha. A1 yenyewe imebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Ukarabati wa kipande cha Isebania hadi Ahero umegharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.